Mshumaa wa Chai wa Bibi Klementina

"Mnataka nife nanukia chai?"

Bibi Klementina alikuwa ameinuka kitandani mpaka kiunoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Krismasi. Hasira ndiyo iliyomwinua. Mkononi alishika kikombe cha kauri kisicho na mkono, kimechorwa milima ya bluu, na ndani badala ya chai kulikuwa na nta ya rangi ya majani makavu na utambi katikati. Chumba kizima kilikuwa kinanukia. Harufu nzuri, siwezi kusema uongo, ila haikuwa ya chumba cha mgonjwa wa mtaa wetu wa Katandala.

"Mama, huo ni mshumaa," baba mdogo Leonsi akasema. Alikuwa ameegemea mlango kama mtu aliyebeba gunia hajui alitue wapi. "Mshumaa ni mshumaa."

"Wewe wa kuniambia mimi mshumaa ni nini? Mimi niliyekupeleka kwa bruda kule Kate ukafundishwe?"

"Bibi, huo ni wa gharama," Herieth akaingilia. Herieth ni binti yake baba mdogo, anauza dukani Mbeya, alikuja likizo. "Bosi wangu aliufuata Hongkong. Wananunua watu wa mahoteli tu."

"Basi wakafie nao huko hotelini!"

Herieth akatoka analia. Baba mdogo akamwangalia anavyopita, akamwangalia mama yake, akakaa kwenye kigoda. Ndivyo alivyo. Watu wakigombana yeye anatafuta pa kukaa.

Ngoja nieleze ilivyokuwa, maana mtu akisikia juujuu anaweza kusema bibi kizee ana kiburi tu.

Kwetu kila nyumba ya Mkatoliki ina mshumaa wake wa baraka. Tarehe mbili Februari, sikukuu ya mishumaa, watu wanapeleka mishumaa kanisani, padre anaibariki, mnarudi nayo. Mshumaa huo si wa kusomea wala wa kulia chakula. Unafungwa kwenye kitambaa, unawekwa juu ya kabati. Radi zikipiga mnauwasha, na radi za Sumbawanga kila mtu anazijua. Kazi yake ya pili ni siku ya mtu kukata roho. Unawashwa, mgonjwa anafungwa vidole kuuzunguka, ndugu mmoja anamsaidia kushika, wengine wanasali. Anaondoka ameushika. Ndiyo maana lazima uwe mrefu, mgumu, wa kushikika. Kikombe utakishika namna gani na vidole vya mtu anayekufa?

Mwaka huo, tisini na tisa, mvua za Januari zilikuja na radi ya kila siku. Mshumaa wa mwaka uliopita ukaisha wote. Tarehe mbili ilipofika nyumba haikuwa na mshumaa hata mmoja wa kupeleka. Nyumba ya Leonsi mtengeneza mishumaa! Herieth akaona aibu, na kununua wa dukani ni aibu zaidi. Akachukua kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, zawadi aliyopewa na bosi wake baada ya kumaliza miaka mitatu dukani, akakipeleka kanisani kwenye boksi lake. Padre akabariki yote kwa pamoja, hakupita kukagua mmoja mmoja. Kwa hiyo mshumaa pekee wa baraka katika nyumba ile ukawa huo, wa chai, ndani ya kikombe.

Wiki moja baadaye bibi, aliyekuwa kitandani tangu Krismasi, akaanza kuvimba miguu. Mpako wa wagonjwa, yale mafuta anayopaka padre mtu aliyezidiwa, alikuwa ameshapata. Akasema nionyesheni mshumaa wangu. Ndipo tulipofikia hapo.

Baba mdogo Leonsi alizaliwa Kate, huko Nkasi, karibu kabisa na misheni. Alipokuwa na miaka kumi na minne mama yake alimpeleka kwa bruda mmoja, mtawa wa misheni, aliyekuwa akitengeneza mishumaa ya makanisa. Alikaa naye miaka sita. Alifundishwa kuyeyusha nta ya nyuki ndani ya sufuria iliyo ndani ya sufuria nyingine ya maji, maana ukiiweka motoni moja kwa moja inawaka na wewe unawaka. Alifundishwa kuchovya, mshumaa mmoja mara thelathini, arobaini, kila mara unasubiri upoe. Alifundishwa kusubiri. Nadhani hicho ndicho kilichomuingia zaidi.

Alipohamia mjini akaoa, akajenga Katandala, akawa anafanya mwenyewe. Nta alikuwa anafuata bondeni, Ziwa Rukwa, kwa Msukuma mmoja anaitwa Nyanda, aliyehamia na ng'ombe wake na kutundika mizinga yake huko. Miaka ile ya shida, sabuni hakuna, mafuta ya taa hakuna, baba mdogo alikuwa mtu. Mabwana wa ofisi walikuwa wanakuja kwake kwa miguu, wanamwamkia kwa adabu, wanaomba wawili watatu. Mishumaa ya baraka ya mtaa mzima ilitoka kwake. Babu alipokufa alishika mshumaa wa Leonsi. Mke wake Leonsi, mama mdogo Redempta, alipokufa alishika mshumaa wa Leonsi. Ukihesabu makaburi ya Katandala, wengi waliolala pale waliondoka wameshika kazi ya mikono yake.

Halafu biashara ikafunguliwa. Kila kitu ruksa. Malori yakaanza kupanda kutoka Tunduma na pakiti za mishumaa myeupe, sita sita, imenyooka kama chaki. Watu wakahama. Hawakugombana naye, walihama tu. Baadaye wanunuzi wa nta wakashuka bondeni wenyewe na mizani yao, wanapeleka nje ya nchi, Nyanda akawa anawauzia wao. Baba mdogo alishuka mara ya mwisho, akalala huko siku mbili, akarudi na kuku mmoja aliyepewa kwa huruma. Agosti ya mwaka uliotangulia akasafisha vyombo, akavipanga chini ya kitanda, akafungua kibanda cha chumvi na viberiti. Hakulalamika. Ila tangu hapo ukimsalimia anachelewa kuitika, kama mtu anayetoka mbali.

Sasa mama yake anataka mshumaa na yeye hana.

"Mume wangu," bibi akaniita. Ananiita hivyo tangu nikiwa mdogo, utani wa bibi na mjukuu. "Wewe ulifika sekondari kidogo. Nisomee hicho kikaratasi."

Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya Kiingereza. Nilikomea kidato cha pili, lakini nilijikongoja. Nikamwambia inasema Wachina wana heshima zao za kunywa chai, wanakunywa taratibu, bila haraka, na mshumaa huu una harufu ya jani lililochumwa alfajiri, na ya ukungu wa asubuhi mlimani.

"Ukungu?"

"Ndiyo, bibi."

"Wanauza ukungu? Hapa Ufipa tunaupata bure mpaka unatuumiza kifua."

Hata baba mdogo akacheka kidogo, kwa pua. Kisha bibi akalala, sauti ikashuka.

"Leonsi. Baba yako nilimfunga vidole mimi mwenyewe. Mimi nitafungwa vidole kwenye nini?"

Baba mdogo akainuka. "Nitakwenda kwa katekista," akasema.

Nilimsindikiza. Katekista Ignasi alikuwa anapalilia maharage nyuma ya nyumba yake. Akasikiliza ameegemea jembe. Akasema padre ameshuka kwenye vigango, makanisa madogo ya bondeni, mvua imekata njia, kurudi ni wiki mbili, labda tatu. Mshumaa mwingine mnaweza kununua, lakini wa kuubariki hayupo.

"Na huu nikiuyeyusha nikatengeneza wa kushika?" baba mdogo akauliza.

"Huo ndio uliobarikiwa. Nta ni ileile."

"Baraka haitoki?"

"Leonsi, mimi ni katekista, si askofu. Muulize mama yako, anajua dini kuliko mimi."

Tukarudi kumuuliza mama yake. Bibi akafikiri akiwa amefumba macho, tukadhani kalala.

"Yeyusha," akasema. "Ila usiongeze kitu."

Mchana ule baba mdogo akavuta vyombo vyake chini ya kitanda. Utando wa buibui, vumbi. Magoti yakalia. Akawasha jiko la mkaa uani, akaweka maji, akaweka sufuria ndogo, akakitumbukiza kikombe chenyewe mpaka nta ikalegea na kutoka. Herieth alikuwa anaangalia kutoka mlango wa jikoni, macho mekundu.

"Unaiharibu," akasema.

"Naibadilisha, mwanangu."

"Miaka mitatu, baba. Miaka mitatu nimesimama kwenye lile duka na miguu hii. Ndicho nilichopewa."

Baba mdogo akakoroga. "Najua," akasema. "Kikombe nitakupa."

"Kikombe ninacho. Vikombe kila mtu anavyo."

Nta ilikuwa kidogo, haitoshi kuchovya, kwa hiyo alitundika utambi kwenye msumari akawa anaumwagia kwa kijiko, kutoka juu, taratibu, anazungusha. Ukinenepa kidogo anaulaza kwenye ubao uliolowa, anausukuma kwa kiganja unyooke. Mikono yake ilikuwa inajua, mtu mwenyewe yuko kama amelala. Harufu ya chai ikajaa uani mpaka jirani akauliza tunapika nini.

Jioni mshumaa ulikuwa tayari, urefu wa shubiri moja na nusu. Akausimamisha kwenye kiganja. Ukasimama. Halafu polepole ukainama, kichwa kikaanza kuanguka pembeni kama mtu anayesinzia kwenye misa.

"Hii haikutengenezwa isimame," baba mdogo akasema. "Imetengenezwa ikae kwenye kikombe. Laini kama samli."

Akampelekea mama yake hivyohivyo, hakumficha. Bibi akaushika. Joto la mkono likaufanya upinde kabisa.

"Unakufa kabla yangu," bibi akasema.

"Unahitaji nta ya nyuki ndani, mama. Bila hiyo hausimami."

"Nimesema usiongeze kitu."

"Basi utashika huu."

Niliona bibi ananuna, na niliona anaogopa pia. Sijawahi kumuona bibi anaogopa. Alikuwa anausugua ule mshumaa uliopinda kwa kidole gumba, anaunyoosha, unapinda tena.

"Maji ya baraka," akasema mwishoni. "Zamani pale Kate, maji ya baraka yakipungua tuliruhusiwa kuongeza ya kawaida. Sharti yale ya kawaida yawe pungufu kuliko yenyewe. Yakizidi, yote ni maji tu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nta yako iwe pungufu kuliko hii ya kunuka. Ikizidi au ikilingana, usiniletee."

Baba mdogo akasugua uso. "Nta yenyewe sina, mama."

Njia ya kupata nta aliibuni yeye mwenyewe, usiku kucha akifikiri. Asubuhi akavaa koti, akaenda sokoni kwa Adriano fundi viatu. Mafundi viatu wanapaka nta kwenye uzi ili upite kwenye ngozi na usioze. Miaka yote nta ya Adriano ilitoka kwa Leonsi, anamkatia kipande, wanapiga soga.

Adriano alikuwa anashona kiatu cha polisi. Alipotuona akacheka mpaka akakohoa.

"Mzee Leonsi! Mwenye nta anakuja kuomba nta kwa fundi viatu? Dunia imekwisha."

"Imekwisha, Adriano. Nipe."

"Na wateja wangu nitawashonea na nini, mate?"

"Ni kwa ajili ya mama."

Adriano akaacha kucheka. Akafungua kisanduku cha misumari, akatoa donge. Jeusi, lina alama za nyuzi pande zote, linanuka ngozi. Akalikata nusu kwa kisu. Akaliangalia, akaongeza kipande kingine.

"Hilo ulinipa mwenyewe," akasema. "Mwaka ule mkeo alipokufa. Nimelitumia kwa ubahili kweli. Chukua."

"Nitakurudishia."

"Kutoka wapi? Nenda, mzee."

Tukarudi. Baba mdogo akayeyusha donge peke yake kwanza, akalichuja kwa kitambaa, vumbi la ngozi na nyuzi vikabaki juu. Ilipopoa akabaki na kidonge cha kahawia kinachong'aa. Akakinusa muda mrefu.

Akaenda kibandani akachukua mizani yake ya chumvi. Upande mmoja mshumaa uliopinda, upande mwingine nta ya nyuki. Nta ikazama. Ilikuwa nzito zaidi.

Akapunguza kidogo. Zikalingana.

"Hapo inatosha kusimama," akaniambia. "Nusu kwa nusu. Ungekuwa mshumaa mzuri hasa."

"Basi weka hivyo. Bibi atajuaje?"

Alikaa anaangalia ile mizani. Herieth alikuwa amekuja amesimama nyuma yake na khanga mabegani. Baba mdogo akachukua kisu, akakata kipande cha nta, akakiweka pembeni. Nta ikapanda. Akakata kingine chembamba kama ukucha. Sasa hata kipofu angeona upande gani ni mzito.

"Na ukianguka tena?" nikauliza.

"Nimechoka, mwanangu. Usinisumbue."

Akayeyusha vyote pamoja. Safari hii Herieth akakaa chini, akashika utambi kwa juu ili usizunguke, na baba yake akawa anamwagia kwa kijiko. Mara moja tu nta ya moto ilimrukia Herieth kidoleni akafyonza, baba mdogo akasema, "Pole," naye akasema, "Si kitu. Mwaga." Walifanya hivyo mpaka jua likahama ua mzima.

Niseme kweli, ulikuwa mshumaa mbaya. Rangi kama matope ya bondeni, mnene chini, mwembamba juu, mfupi kwa kunenepeshwa, na umekaa upande kidogo. Mtu aliyewahi kutengenezea kanisa la Kate mishumaa ya altare asingependa uonekane ni wake. Lakini uliposimama kwenye kiganja chake, ulibaki umesimama. Tukahesabu kimoyomoyo. Ulibaki.

Bibi alikuwa amepungua nguvu tangu asubuhi. Baba mdogo akapiga goti kando ya kitanda, akamfungua vidole kimoja kimoja, akauweka mshumaa katikati, akavifunga tena. Bila kuuwasha. Wa kujaribu tu. Akafunika mkono wa mama yake kwa mkono wake, kama inavyofanywa siku yenyewe, wakakaa hivyo. Joto la mikono miwili. Alipoachia, mshumaa haukupinda.

"Ni mfupi," bibi akasema.

"Ni mfupi, mama."

"Umepima?"

"Nimepima. Ya nyuki ni pungufu."

"Pungufu kwa kiasi gani?"

"Herieth ameona."

Bibi akamtafuta Herieth kwa macho. Herieth akatikisa kichwa kukubali. Bibi akausogeza mshumaa puani, akavuta pumzi. Tukangoja aturushie. Mimi nilikuwa tayari kukimbia.

"Bado unanuka chai."

"Utanuka tu, mama. Chai ndiyo iliyobarikiwa."

Bibi akaushusha mshumaa kifuani. Kisha akamwambia Herieth, "Njoo. Hiyo ya jani la alfajiri, uliponunua walikuambia inakaa muda gani ikiwaka?"

"Sikununua, bibi, nilipewa. Kwenye kikombe ilikuwa saa arobaini."

"Na huu?"

Herieth akamgeukia baba yake. Baba mdogo akaupima kwa jicho. "Usiku mmoja, kukiwa hakuna upepo. Hauna kikombe, utachuruzika."

"Basi sitachelewa," bibi akasema. "Lete kitambaa, uufunge. Uweke hapa kichwani, siyo kabatini. Na radi ikipiga asiuguse mtu."

Herieth akaleta kitambaa cheupe cha mezani, cha marehemu mama yake, akaufunga. Alikaa kitandani, bibi akamwekea kiganja pajani. Hakuomba msamaha na Herieth hakuutaka.

Baba mdogo alibaki amepiga goti, nadhani kwa sababu kunyanyuka kulikuwa kazi. Alikuwa na nta kwenye kucha, kwenye mikunjo ya viganja, kwenye nywele za mikono. Akaanza kuibandua kidogokidogo, anaviringisha vipunje, anaviweka mfukoni.

Nje mtu akabisha. Alikuwa Asnath, jirani wa nyumba ya tatu, sauti yake imeshapanda kabla hajafika mlangoni.

"Hodi! Mjumbe yupo? Shikamoo bibi, unaendeleaje? Mjumbe, njoo uone mwenyewe, mbuzi wa huyu jirani yetu Mboje wamemaliza maharage yangu yote, na yeye amesimama pale anasema eti ni upepo!"

Ndiyo, baba mdogo ndiye mjumbe wa nyumba kumi pale mtaani. Hakuna mwingine aliyetaka.

"Marahaba," bibi akajibu kutoka kitandani. "Upepo wenye meno."

"Nakuja," baba mdogo akasema.

Akashika ukingo wa kitanda, akanyanyuka kwa mafungu mawili. Akavaa koti. Akamwangalia mama yake, bibi akampungia kidole: nenda. Akatoka nyuma ya Asnath, anatembea taratibu, mikono mfukoni, Asnath mbele anaonyesha kwa mkono kila mche ulioliwa.